Kupima Kisichoonekana: Namna Vigunduzi vya Chembe Vinavyobuniwa ili Viaminike

Katika masomo ya falsafa kuna swali ambalo sisi waseminari hatuachi kulirudia: tunajuaje kwamba tunachokijua ni kweli? Mtakatifu Thoma wa Akwino, akifuata nyayo za Aristotle, anafundisha kwamba maarifa ya mwanadamu huanzia kwenye milango ya fahamu. Tunaona, tunasikia, tunagusa, kisha akili inafanya kazi juu ya kile kilichopokelewa. Tusemeje basi juu ya vitu ambavyo havionekani kwa jicho wala kwa hadubini yoyote? Wanafizikia hututajia ukubwa wa protoni hadi tarakimu ya tatu baada ya nukta. Wameupimaje?

Jibu fupi ni kwamba wamejitengenezea milango mingine ya fahamu. Vyombo hivyo huitwa vigunduzi vya chembe. Katika makala hii tunaeleza jinsi vigunduzi vya jaribio moja vilivyobuniwa, yaani jaribio la PRad, lililofanyika mwaka 2016 katika Maabara ya Jefferson, mjini Newport News, jimbo la Virginia, Marekani. Tumelichagua kwa sababu lilizaliwa katikati ya ubishi wa kweli. Watu makini walipima kitu kimoja wakapata majibu mawili, na ikabidi kibuniwe chombo kipya ambacho pande zote zingeweza kukiamini.

Ubishi wa mwaka 2010

Protoni ni chembe yenye chaji chanya, nayo imo katika kiini cha kila atomu. Maji tunayokunywa, udongo tunaoukanyaga na miili yetu wenyewe vimejaa protoni. Atomu ya haidrojeni ndiyo nyepesi kuliko zote: ina protoni moja na elektroni moja tu. Tukiikuza atomu hiyo hadi iwe na upana wa mita 100, sawa na urefu wa uwanja wa mpira, protoni itakuwa kama punje ya ulezi pale katikati.

Ukubwa huo hupimwa kwa femtomita. Ukiigawa milimita moja katika vipande trilioni moja, kipande kimoja ndicho femtomita. Kwa miaka mingi nusu kipenyo cha protoni kilikubaliwa kuwa karibu femtomita 0.88. Namba hiyo ilitoka kwenye njia mbili: kuchunguza mwanga wa atomu za haidrojeni, na kurushia protoni elektroni.

Mwaka 2010 kundi lililoongozwa na Randolf Pohl, katika Taasisi ya Paul Scherrer nchini Uswisi, lilitumia njia mpya. Waliondoa elektroni katika atomu ya haidrojeni wakaweka myuoni mahali pake. Myuoni inafanana na elektroni kwa tabia, ila uzito wake ni karibu mara 207. Kwa sababu ya uzito huo hukaa karibu zaidi na protoni, na hivyo huuhisi ukubwa wa protoni kwa nguvu zaidi. Jibu lao lilikuwa femtomita 0.842. Mwaka huohuo jaribio la kurusha elektroni lililofanyika Mainz, Ujerumani, lilitoa 0.879.

Tofauti ni kama asilimia nne. Mtu anaweza kuuliza: hilo nalo ni la kugombania? Ndiyo, kwa sababu kila upande ulikuwa umekadiria kosa lake kuwa dogo sana kuliko tofauti hiyo. Yalibaki mambo mawili. Ama upande mmoja ulikuwa na kosa ambalo haulioni, ama elektroni na myuoni hazikutani na protoni kwa namna moja. Hilo la pili lingetikisa nadharia ya msingi ya fizikia ya chembe, ambayo inasema kwamba chembe hizo mbili zinatofautiana kwa uzito tu.

Kuona kwa kurusha

Kurusha kitu kidogo ili kukijua kisichoonekana ni mbinu ya zaidi ya karne moja. Mwaka 1909, mjini Manchester, Hans Geiger na Ernest Marsden walirusha chembe za alfa kwenye karatasi nyembamba ya dhahabu. Chembe zilipotua kwenye kioo kilichopakwa zinki salfaidi zilitoa vimulimuli vidogo, nao wakavihesabu kimoja kimoja gizani kwa hadubini. Jicho la mtu ndilo lililokuwa kigunduzi. Kutokana na hesabu hizo Ernest Rutherford alitangaza mwaka 1911 kwamba atomu ina kiini kidogo kizito katikati.

Katika miaka ya 1950, Robert Hofstadter wa Chuo Kikuu cha Stanford alitumia elektroni badala ya chembe za alfa. Elektroni inafaa kwa sababu kwa kadiri tunavyojua haina sehemu ndani yake, na nguvu yake ya umeme inaeleweka vizuri sana. Hofstadter alionyesha kwamba protoni si nukta, bali ina upana. Alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1961. Inafaa kukumbuka kwamba kabla ya hapo alikuwa fundi wa vigunduzi. Mwaka 1948 aligundua kwamba fuwele za sodiamu ayodaidi zilizotiwa kiasi kidogo cha thaliamu hung'aa vizuri zinapopigwa na mionzi. Fuwele hizo zilikuja kutumika hospitalini, katika mashine zinazopiga picha za viungo vya ndani kwa kutumia dawa zenye mionzi.

Kanuni yenyewe ni hii. Kama protoni ingekuwa nukta tupu, hesabu ingetuambia ni elektroni ngapi zitapinda kwa kila pembe. Kwa kuwa protoni ina upana, elektroni zinazopinda huwa pungufu ya hesabu hiyo, na upungufu huo ndio unaotoboa siri ya ukubwa. Ila ili kupata nusu kipenyo ni lazima tuangalie mahali upungufu unapoanza, yaani kwa elektroni zilizoigusa protoni kwa upole kabisa na kupinda kidogo mno. Hapo upungufu ni kama moja katika elfu, kisha hukua polepole kadiri pembe inavyoongezeka. Ili kutenganisha jibu la 0.84 na lile la 0.88, ilibidi hesabu isikosee zaidi ya elektroni chache katika kila elfu.

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Katika kazi hii mambo ni kinyume: asiyechagua jembe hana mavuno.

Maamuzi matatu kabla ya chombo

Waliobuni PRad, kundi ambalo msemaji wake mkuu alikuwa Ashot Gasparian wa North Carolina A&T State University, walianza kwa kujiuliza majaribio ya zamani yangeweza kupotoshwa na nini. Kwa kila chanzo cha kosa walitafuta namna ya kukiondoa kwenye chombo chenyewe, kabla ya kukisahihisha kwa hesabu baadaye.

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kuondoa kuta. Kwa kawaida haidrojeni hufungwa ndani ya chombo chenye madirisha membamba. Elektroni zikipita, baadhi hugonga madirisha badala ya protoni, na zikishapinda ni vigumu kujua ipi imetoka wapi. Katika PRad gesi ya haidrojeni iliyopozwa sana ilitiririshwa ndani ya kijumba chenye urefu wa sentimita 4, kilicho wazi mbele na nyuma kwa matundu ya milimita 2. Elektroni ziliingia na kutoka kwenye matundu hayo bila kugusa ukuta. Pampu zilivuta gesi iliyovuja, na mbele ya kijumba palikuwa na chumba cha ombwe chenye urefu wa mita 5, ili elektroni zisigongane na hewa njiani.

Uamuzi wa pili ulikuwa kuacha sumaku. Majaribio mengi ya kurusha elektroni hutumia sumaku kubwa zinazopinda elektroni kuelekea kwenye kigunduzi. Mashine hizo hupima nishati vizuri sana, lakini haziwezi kusogezwa karibu mno na mwale mkuu, na hutazama pembe moja kwa wakati mmoja. Zikimaliza hapo huhamishwa, na kila kuhama kunaleta mashaka yake. PRad waliweka kigunduzi kimoja kipana mbele kabisa, kikiwa na tundu katikati la kupitisha mwale ambao haukupinda. Hivyo pembe zote, kuanzia nyuzi 0.7 hadi karibu nyuzi 7, zilitazamwa kwa pamoja na chombo kisichohama.

Uamuzi wa tatu ndio tunaouona kuwa wa busara kuliko yote. Ili kujua ni asilimia ngapi ya elektroni imepinda, lazima ujue ni elektroni ngapi zilipita na gesi ilikuwa nene kiasi gani. Vyote viwili ni vigumu kupima kwa usahihi wa sehemu moja ya elfu. Sasa fikiria mfanyabiashara mwenye mizani ambayo haina hakika. Akiweka jiwe la kilo moja linalojulikana, kisha akaweka mchele kwenye mizani ileile saa ileile, anaweza kulinganisha viwili hivyo, na kosa la mizani likapotea kwa sababu limegusa vyote sawasawa. PRad walikuwa na jiwe la namna hiyo. Ndani ya haidrojeni kuna protoni, lakini pia kuna elektroni. Mara nyingine elektroni ya mwale hugonga elektroni ya gesi, na tukio hilo, liitwalo mtawanyiko wa Møller, linaweza kukokotolewa kwa usahihi mkubwa bila kujua chochote juu ya ukubwa wa protoni. Kigunduzi kilihesabu matukio ya aina zote mbili kwa wakati mmoja, kisha hesabu moja ikagawanywa kwa nyingine. Idadi ya elektroni zilizopita na unene wa gesi vikafutana.

Fuwele nzito kuliko chuma

Maamuzi hayo yakaamua kigunduzi kiwe cha namna gani. Kilitakiwa kipime vitu viwili kwa kila elektroni: nishati yake na mahali ilipopita. Nishati ni ya lazima ili kutofautisha aina mbili za matukio. Elektroni iliyogonga protoni hubaki na karibu nishati yake yote, kwa kuwa protoni ni nzito. Iliyogonga elektroni mwenzake hugawana naye. Lakini kwenye pembe ndogo kabisa, ambako ndiko penye habari muhimu, nishati za aina hizo mbili hukaribiana. Kigunduzi kisichoona vizuri kingechanganya mchele na pumba.

Kazi ya nishati ilipewa kalorimita iitwayo HyCal, iliyosimama mita chache nyuma ya kijumba cha gesi. Katikati yake zimepangwa fuwele 1,152 za risasi tangsteti, mistari 34 kwa 34, zikiwa zimeachwa nne za katikati ili kutoa njia ya mwale. Kuzunguka fuwele hizo kuna vipande 576 vya kioo chenye risasi. Fuwele ya risasi tangsteti ni ya ajabu: inapitisha mwanga kama kioo, lakini ujazo ukiwa sawa ni nzito kuliko chuma. Uzito huo ndio unaotakiwa. Elektroni ikiingia ndani yake hutoa fotoni, fotoni huzaa elektroni nyingine na ndugu zake wa chaji chanya, nazo hutoa fotoni tena, mpaka mvua ya chembe ijae ndani ya fuwele na nishati yote iishie humo. Fuwele hung'aa kidogo, na tyubu ya kukuza mwanga iliyo nyuma yake hugeuza mng'ao huo kuwa umeme. Nishati ikiwa kubwa, mng'ao huwa mkubwa. Fuwele za aina hii ndizo zilizotumika pia katika kigunduzi cha CMS huko CERN, ambako ziko zaidi ya 75,000.

Fuwele hizo zina udhaifu mmoja: mng'ao wake hupungua kwa kama asilimia mbili kila joto linapopanda kwa digrii moja. Asipozingatia jambo hilo, mtafiti anaweza kudhani elektroni zimepoteza nishati, kumbe chumba kimepata joto tu. Ndiyo maana HyCal hupozwa na joto lake hulindwa lisibadilike.

HyCal hujua nishati vizuri, ila mahali hupakadiria tu, kwa sababu mvua ile husambaa kwenye fuwele kadhaa. Kwa hiyo mbele yake viliwekwa vigunduzi vya aina nyingine, viitwavyo GEM, vilivyobuniwa na Fabio Sauli wa CERN mwaka 1997. Moyo wa GEM ni karatasi ya plastiki yenye unene wa maikromita 50, iliyopakwa shaba pande zote mbili na kutobolewa matundu mengi sana, kila moja likiwa na upana wa karibu maikromita 70, kama unywele. Shaba za pande mbili zikipewa volti mia kadhaa, kila tundu huwa na msukumo mkali wa umeme. Chembe ikipita katika gesi iliyo juu ya karatasi hung'oa elektroni chache. Hizo huvutwa ndani ya matundu, hung'oa nyingine, na baada ya karatasi tatu zilizopangwa moja chini ya nyingine elektroni moja imekuwa maelfu. Mahali zinapotua ndipo chembe ilipopita. Kwa njia hiyo mahali palijulikana kwa chini ya sehemu moja ya kumi ya milimita, bora zaidi ya mara ishirini kuliko HyCal peke yake.

Tazama jinsi vyombo viwili vinavyosaidiana. GEM ni chepesi, hakiizuii elektroni kuendelea na safari, lakini hakijui nishati. HyCal hujua nishati kwa sababu huimeza elektroni yote. Kingetangulia HyCal, GEM kisingeona kitu. Mpangilio wenyewe ni sehemu ya ubunifu.

Kujitilia shaka kwa utaratibu

Kuna aina mbili za kosa katika vipimo. La kwanza ni la bahati: ukihesabu vitu vichache, namba huyumbayumba, na dawa yake ni kuhesabu zaidi. La pili ni la mfumo: mizani imepinda. Ukipima mara elfu kwa mizani iliyopinda, utapata kosa lilelile mara elfu, tena kwa kujiamini zaidi. Vigunduzi vya vipimo vya usahihi hubuniwa hasa kwa hofu ya kosa hili la pili.

PRad waliliwinda kwa njia kadhaa. HyCal iliwekwa juu ya mtambo wa kuisogeza juu, chini na pembeni, ili kila fuwele ipitishwe mbele ya mwale wa fotoni za nishati inayojulikana na kujaribiwa peke yake. Walipima pia bila gesi ndani ya kijumba, wakapata hesabu ya matukio yasiyotokana na haidrojeni iliyokusudiwa, wakaitoa. Walitumia mwale wa nishati mbili, gigaelektronivolti 1.1 na 2.2. Nishati ikibadilika, habari ileile ya protoni hutua kwenye pembe nyingine, yaani kwenye fuwele nyingine. Majibu mawili yakikubaliana, ni vigumu kudhani kwamba fuwele fulani ndiyo inayodanganya.

Hata kanuni ya hesabu ya kutoa nusu kipenyo kutoka kwenye data walitafuta kwanza kuijaribu. Walitunga data za bandia ambazo jibu lake lilijulikana, wakaziingiza katika kanuni mbalimbali ili kuona ipi inarudisha jibu sahihi. Kazi hiyo waliichapisha mwaka 2018, kabla ya kutangaza matokeo. Anayechagua kanuni baada ya kuona jibu huweza kuchagua ile inayompa jibu analolipenda.

Jibu, na kilichobaki

Matokeo yalitoka katika jarida la Nature mwezi Novemba 2019: femtomita 0.831, kosa la bahati likiwa 0.007 na kosa la mfumo 0.012. Elektroni, zikitazamwa kwa chombo hiki, zilikubaliana na myuoni. Matokeo mapya ya mwanga wa haidrojeni ya kawaida, yaliyopatikana Ujerumani mwaka 2017 na Kanada mwaka 2019, nayo yaliegemea upande huohuo.

Hata hivyo ubishi haujafungwa wote. Data za Mainz zipo, zilikusanywa kwa uangalifu, na bado hakuna maelezo yanayokubaliwa na wote juu ya sababu ya tofauti. Kundi la PRad limeandaa jaribio la pili, PRad-II, lenye vigunduzi vilivyoboreshwa. Huko Uswisi jaribio la MUSE linarushia protoni elektroni na myuoni katika chombo kimoja, ili kuzilinganisha bila kubadili mizani.

Sisi tunajifunza nini?

Kwanza, kigunduzi hakiyaondoi maarifa yetu kwenye milango ya fahamu, bali kinairefusha milango hiyo. Mwishoni kabisa kuna mtu anayesoma namba. Katikati kuna mnyororo wa sababu na matokeo: elektroni, mvua ya chembe, mng'ao, umeme, hesabu. Kumwamini mwanafizikia ni kuukagua mnyororo huo pete kwa pete, na mbuni mwema ndiye anayeuacha wazi ili ukaguliwe.

Pili, akili hutoka kwenye kinachojulikana zaidi kwenda kwenye kinachojulikana kidogo. Mtawanyiko wa Møller ulijulikana, ukubwa wa protoni ulibishaniwa, na cha kwanza kikawa jiwe la kupimia cha pili. Hakuna anayeanza kujua kutoka utupu.

Tatu, kuna fadhila ndani ya ufundi. Waliobuni chombo hiki hawakuanza kwa kuuliza watathibitishaje kwamba wako sahihi. Waliuliza wanaweza kukosea wapi, wakajenga chombo kwa kufuata orodha ya majibu. Tena walipotangaza namba yao, waliandika pembeni yake ukubwa wa mashaka yao, na kosa la mfumo walilitaja kuwa kubwa kuliko lile la bahati. Mwanafalsafa, mhubiri, mwalimu wa katekisimu na mweka hazina wa jumuiya ndogondogo wote hutangaza mambo mbele za watu. Sisi nasi tukisema jambo, tuwe tayari kusema ni wapi tumepima kwa hakika na ni wapi tumekadiria. Hilo haliipunguzii kweli heshima yake, na msikilizaji hupata sababu ya kutuamini.